Melini Hakukuwa na Mama Rajesh

Nilienda kupanda meli kwa sababu ya goti la mtu mwingine. Naanza na hilo ili mtu wa kikundi chetu asije akasema Mama Mwende siku hizi anatembea baharini kama waziri. Safari ilikuwa ya Mama Rajesh. Watoto wake walioko Uingereza walimpa zawadi ya kutimiza miaka sabini: watu wawili, meli kubwa, kulala mara tatu, Mombasa mpaka Zanzibar na kurudi. Wa pili alikuwa awe dada yake, lakini goti la dada likakataa. Ndipo nikaitwa mimi.

Kwa wasiomjua, Mama Rajesh ana duka la vitambaa katikati ya mji. Mimi ni fundi wa nguo Dagoretti Corner, na kwa miaka ishirini na minne nimenunua kitambaa kwake na kumshonea blauzi za kuvalia sari. Alikuja mazishi ya mume wangu huko Machakos akakaa juani kama sisi wote. Mimi nilikula arusi ya Rajesh. Hatujawahi kukosana isipokuwa mara moja, juu ya mikono ya blauzi, na ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyeikata mifupi.

Wenzangu watatu wa kikundi wanataka kwenda mwakani, ndiyo maana nimeambiwa niandike kila kitu, hatua kwa hatua, na nisifiche makosa. Nilifika darasa la saba tu. Na daftari hili ni la vipimo vya wateja, kwa hiyo mkikuta kiuno cha mtu katikati ya bahari mnisamehe.

Jumanne asubuhi, mjini. Nilikuwa nimeenda dukani kuchukua bitana. Mama Rajesh alikuwa kwenye kiti chake nyuma ya kaunta, jicho moja limefunikwa, kwa sababu wiki ile alikuwa ametolewa mtoto wa jicho.

"Mama Mwende, wewe iko na pasipoti?"

"Ninayo." Niliitengeneza ya kwenda kongamano la kanisa Arusha, nikaugua, nikabaki na pasipoti na homa.

"Basi twende bahari."

"Bahari gani?"

"Kwani ziko ngapi?"

Nilimwambia mimi sijui kuogelea. Akasema hata yeye hajui, meli ndiyo itaogelea. Nikamwambia pengine kuna mtu anayestahili zaidi, jamaa yake, mtu aliyesoma. Akaniangalia na lile jicho moja.

"Jamaa yangu yote iko na presha. Wewe iko na nguvu, na wewe hapana ongea sana."

Hilo la pili si kweli, lakini sikumsahihisha. Nasi tusicheke Kiswahili chake. Chake ni cha dukani na changu ni cha Ukambani, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyerudisha kitambaa kwa sababu ya kutoelewana.

Jumatano, ofisi ya ajenti. Iko mjini pia, ghorofa ya sita, na kwenye lifti palikuwa na karatasi inayosema inatengenezwa. Nilipanda ngazi peke yangu kwa sababu daktari alimkataza Mama Rajesh kuhangaika. "Wewe jaza kila kitu," alikuwa ameniambia. "Mimi hapana ona vizuri, na mimi naamini wewe."

Ajenti ni msichana anaitwa Shiru, mcheshi, mwenye kucha ndefu. Alinifunza mengi na yote yalikuwa kweli. Kabini ya ndani haina dirisha, na kama wewe ni mtu wa kuogopa kufungiwa utajiona uko kabatini. Chagua iliyo katikati ya meli na chini chini, si mbele wala juu kabisa, maana huko ndiko meli inanesa zaidi. Chakula chako maalum useme wakati wa kuweka nafasi, usingoje mpaka ufike mezani. Mama Rajesh hali nyama, hali mayai, wala hali kitunguu, na hilo Shiru aliliandika vizuri. Dawa na nguo za kubadilisha uzibebe kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu sanduku kubwa hupelekwa kabini na wafanyakazi na linaweza kukawia. Na ufike Mombasa siku moja kabla. Hili la mwisho Mama Rajesh alilikataa. Alisema hawezi kulala hoteli akingojea kwenda kulala meli.

"Fomu nakutumia kwa WhatsApp," Shiru alisema. "Jina liwe vile liko kwa pasipoti. Sawa, mathe?"

Alilisema tena nikiwa mlangoni. Akalisema mara ya tatu nikiwa kwenye ngazi, ameinama juu ya reli. Kwa hiyo mtu asije akamlaumu Shiru.

Alhamisi, Dagoretti Corner. Fomu ikaja nikiwa kwenye cherehani. Upande wangu niliujaza mara moja. Upande wa pili ukauliza: jina. Nikaandika Mama. Nikasimama.

Sikulijua.

Nyinyi mnaocheka, hebu kila mmoja aandike sasa hivi jina la kwenye kitambulisho la jirani yake wa mlango wa pili. Nangoja. Mmeandika Mama Kioko tu, si ndio? Jina la mtu ni kitu cha kuuliza siku ya kwanza. Hata siku ya pili bado unaweza. Lakini ukishakula arusi ya mwana wa mtu, na yeye akamlilia mume wako, huwezi tena kumgeukia ukamuuliza, kwani wewe unaitwa nani?

Nilijaribu njia za pembeni. Nilitafuta kadi ya ile arusi ya Rajesh, nikaipata kwenye droo ya vifungo. Imeandikwa Bwana na Bibi, halafu jina la marehemu mumewe. Nikampigia simu askari wa duka, mtu mwema.

"Yule mwenye duka anaitwa nani hasa?"

"Mama Rajesh."

"Hapana, jina lenyewe."

Akafikiri. "Wengine humwita Mami."

Basi nikakumbuka simu. Mnajua ukimtumia mtu pesa kwa simu, jina lake hutokea kabla hujathibitisha. Nikaanza kumtumia shilingi kumi. Jina likatokea: Wycliffe. Kwa dakika moja nzima, na ninaliungama hapa, niliwaza pengine ni la ubatizo, na mimi ni nani nimhukumu. Baadaye nikakumbuka Wycliffe ndiye yule mzee anayeshusha majora ya vitambaa kutoka rafu ya juu. Laini ya duka imesajiliwa kwa jina lake.

Mwisho nikajikaza nikampigia mwenyewe. Nilikuwa nimepanga maneno.

"Mama Rajesh, niko na fomu, sitaki kukosea. Jina lako linaandikwaje?"

"Kama watu yote naandika," alisema, akakata, kwa sababu kulikuwa na mteja.

Nikaandika Mama Rajesh. Niliwaza Shiru ataona ni kosa anipigie, na hapo nitalazimika kuuliza. Shiru hakupiga. Ijumaa tiketi zikaja. Yangu ilikuwa safi. Ya pili ilikuwa na jina la kwanza Mama, na la ukoo Rajesh. Nikampigia Shiru kumdodosa.

"Iko poa kabisa, mathe. Hata mimi nilishangaa kidogo, lakini siku hizi watu wanaita watoto vitu."

Hapo ndipo ningesema. Sikusema. Nilijiambia watu wa bandarini pia wana mama zao.

Jumamosi, Karen. Tulienda kununua nguo za kuogelea katika duka la vioo, mahali ambapo hata hewa inanukia sabuni. Msichana wa duka akatuletea vazi moja. Mama Rajesh alilishika kwa vidole viwili, akalivuta, akaliachilia likalia pap.

"Hii mita ngapi?"

"Haiuzwi kwa mita, mami."

"Robo," Mama Rajesh aliniambia, kwa sauti ya duka zima. "Robo mita, na bei kama pazia ya sebule."

Kwa haki yao, watu wa Karen wana kodi kubwa ya kulipa. Tukanunua kofia mbili tukaondoka. Nguo nilishona mwenyewe, gauni mbili za kitambaa cha bitana kinachokauka haraka, mikono mpaka kwenye viganja, urefu mpaka chini ya magoti. Binti yangu Mwende, ambaye tunakaa naye Jamhuri, alizitazama zikiwa zimetundikwa.

"Mamii, mnaenda kuogelea ama mnaenda kuimba kwaya?"

Jumatatu, gari la moshi. Tuliondoka Syokimau saa mbili asubuhi. Kabla ya kupanda mnapanga mizigo chini kwa mstari na mbwa anapita akiinusa. Alipofika kwenye kapu la Mama Rajesh alisimama kwa muda, nami nadhani si kwa kazi, ni kwa pilipili. Yeye alibeba chapati za majani ya methi na achari. Mimi nilibeba nduma. Kufika Emali vyote vilikuwa vimekwisha.

Nilikula sana kwa sababu ya dhamira. Kila baada ya kituo Mama Rajesh alinigusa mkono akasema, "Mama Mwende, mimi hapana fanya kitu hata moja. Yote wewe ilifanya." Kila akisema hivyo nilichukua nduma nyingine.

Saa tisa na nusu, bandarini Mombasa. Mlango wa kupanda ulikuwa ufungwe saa kumi na moja. Meli ilikuwa pale mbele yetu, nyeupe, refu kuliko mtaa wangu. Masanduku yalichukuliwa. Foleni ilikuwa fupi. Kwenye meza alikaa dada mmoja wa huko huko pwani, mtandio wa samawati, sauti ya upole. Akatazama pasipoti yangu, akatazama karatasi, akanipa karibu. Kisha akachukua ya mwenzangu. Akatazama. Akatazama tena.

"Samahani bibi, huyu Mama Rajesh yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Pasipoti hii yasema Kanchanben."

"Huyo pia ni mimi."

"Sasa Mama Rajesh ni nani?"

"Ni mimi, tangu Rajesh nazaliwa. Yote ni mimi. Fungua mlango."

"Bibi yangu, nakuamini. Lakini orodha ya meli haina Kanchanben. Ina Mama. Siwezi kumpandisha mtu asiyekuwemo."

Mama Rajesh aligeuka polepole. Jicho lilikuwa limepona, sasa aliniangalia na yote mawili.

"Fomu nani najaza?"

"Mimi."

"Wewe hapana jua jina yangu?"

Ningeweza kumsingizia Shiru, na Mungu ananiona, lilinipitia. Nikasema, "Silijui. Niliona aibu kuuliza."

"Miaka ishirini na nne."

"Ishirini na minne."

Alishika kapu lake tupu kwa mikono miwili, akatazama meli. Siku yake ya kutimiza miaka sabini ilikuwa kesho yake, na mimi ndiye niliyeifungia nje. Niliwaza, leo nimepoteza mtu, na nimempoteza mbele ya watu.

Yule dada alijaribu kusaidia. "Basi tuandike maelezo kidogo. Bibi, huyu uliyefuatana naye wamjua?"

"Namjua sana," Mama Rajesh alisema kwa hasira.

"Jina lake?"

"Mama Mwende."

"La kwenye pasipoti, bibi."

Mama Rajesh alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, kama mtu anayetafuta bei kwenye nguo. Akatoa simu, akaishika mbali na uso, akatafuta, akatafuta. Yule dada akainama akasoma kwa sauti.

"Fundi Blauzi."

Bwana mmoja nyuma yetu alicheka mpaka akashika nguzo.

"Wewe naandika mimi mama ya mtu," Mama Rajesh alisema polepole. "Mimi naandika wewe blauzi. Sasa nani mbaya?"

"Mimi," nilisema, "kwa sababu blauzi yako haijamfungia mtu bandarini."

Akaanza kutikisika mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na alipoanza hakuweza kuacha, akaja akaniegemea, akanikanyaga.

Lakini kicheko hakipandishi mtu melini. Ilibidi ajenti mwenyewe atume marekebisho. Nilimpigia Shiru, simu haipatikani. Nikapiga tena. Saa kumi ikafika. Yule dada akaniambia mimi naweza kupanda, jina langu limo, niende nikamngojee mwenzangu ndani. Mama Rajesh akasema, "Panda, Mama Mwende, wewe kula chakula yangu ile haina kitunguu." Nikakaa chini juu ya ukingo wa saruji. Sikukaa kwa ushujaa, nataka ieleweke. Nilikuwa naogopa kupanda peke yangu.

Naye akakaa. Hapo ndipo tuliongea. Aliniambia kwao mke na mume hawaitani kwa jina. Mumewe, akitaka kitu, alikuwa anasema, "Sikiza." Nikamwambia hata wangu aliniita Mama Mwende tangu Mwende akiwa wa wiki moja. Aliyekuwa akimwita Kanchan, bila ile ben ya heshima, ni mamake, Thika, na mamake alikufa zamani. "Siku hizi daktari tu nasema hiyo jina," alisema, "na yeye nasema vibaya." Nikafikiri mimi mara ya mwisho kuitwa Rodah ilikuwa lini. Ilikuwa ofisi ya pasipoti, na walikuwa wananiuliza kwa nini sikutabasamu.

Saa kumi na dakika thelathini na tano Shiru akapokea. Lifti ilikuwa imetengenezwa siku hiyo, akaipanda, ikamfungia ndani saa nzima. Nilimweleza.

"Haiya! Kwani Mama si jina?"

"Si jina, Shiru."

"Aki woiye, mathe. Subiri." Nikasikia kucha zikigonga kompyuta.

Tulipanda zikiwa zimebaki dakika nane. Kwa hiyo jambo la kwanza, kwa wanaokwenda mwakani: jina la kwenye pasipoti. La pili: Mombasa siku moja kabla. Mengine yote mtayaweza.

Melini. Mlangoni unapewa kadi. Hiyo ndiyo ufunguo wa kabini, ndiyo kitambulisho, ndiyo ya kulipia vitu. Itundike shingoni. Kadi zetu ziliandikwa kwa herufi kubwa, KANCHANBEN na RODAH, na sasa naeleza desturi ya hawa watu: wafanyakazi wa meli wanamwita kila abiria kwa jina lake la kwanza. Awe mzee, awe mkubwa wa kanisa, ni jina lake tu. Mhudumu wa meza yetu alikuwa Mfilipino anaitwa Jun. Alisoma kadi, akaikata ile ben, akaweka mkono kifuani.

"Kanchan! Rodah!"

Mimi niligeuka nione anamwita nani. Mwenzangu alinyoosha mgongo kama mwanafunzi.

Kabla meli haijaondoka kuna zoezi la hatari. Kengele inalia mara saba kwa kifupi na mara moja kwa kirefu, mnakwenda mahali mlipoelekezwa na mnavalishwa maboya ya kifuani. Watu wengine walilalamika. Mimi niligeuza boya nikakagua mshono: mistari miwili, uzi mzito, mwisho wa uzi umefungwa. Nikatulia. Aliyelishona alikuwa anamjua anayelivaa, au alijifanya anamjua, na hiyo inatosha.

Jioni, meli ilipotoka kwenye mlango wa bandari, tumbo langu lilibaki Kilindini. Mwenzangu alikuwa na tangawizi mbichi mkobani. Tafuna kidogo kidogo, kaa mahali penye hewa, angalia mbali mahali bahari inakutana na mbingu, usiangalie sahani ya mtu. Na usijaze sahani siku ya kwanza kana kwamba chakula kitakwisha. Hakiishi. Niliuliza.

Jumanne, siku ya miaka sabini. Tulishuka kwenye bwawa la kuogelea tukiwa na gauni zetu. Kitambaa cha bitana kinakauka haraka kweli, lakini sikuwa nimefikiria hewa. Alipoingia majini gauni lilijaa likapanda, na Kanchan akaelea katikati ya bwawa kama mwavuli wa mama mboga, mikono pande zote, akipiga kelele kwa Kigujarati. Mlinzi wa bwawa alipuliza filimbi. Kumbe zilikuwa kelele za raha. "Rodah! Ingia! Hii hapana zama!" Nikaingia nami nikaelea. Wanawake wawili wa Nakuru waliniuliza tumenunua wapi. Nisijisifu, mmoja wao alikuwa anacheka.

Chakula cha mchana Jun na wenzake walikuja wakipiga makofi, na keki isiyo na mayai, imeandikwa jina lake kwa sukari. Alilitazama kwa muda mrefu. Hakutaka ikatwe kupitia kwenye jina. Tulikula pembeni pembeni tukizunguka, mpaka likabaki jina peke yake, na hilo akalila mwenyewe kwa kijiko.

Jumatano, Zanzibar. Tulipewa saa tano za kushuka. Wengine walienda kuona mashamba ya viungo na majumba ya zamani. Sisi saa zote tano zilikwisha katika maduka ya vitambaa. Siombi radhi. Mtu apewe raha anayoijua. Onyo ni kwamba mfuate saa ya meli, si saa ya simu, na mrudi nusu saa kabla, kwa sababu meli haingoji mtu anayepatana bei.

Na mwenzangu alikuwa anapatana. Nilimwona mbele, kwenye uchochoro, anaingia duka la nane. Nikaita, "Mama Rajesh!" Wanawake wawili, wenyeji, wakageuka kwa lile neno Mama. Yeye hakugeuka. Nikavuta pumzi. Sikuwa nimelitamka bado, siku zote mbili. Yeye aliniita Rodah tangu asubuhi ya kwanza, mimi nilikuwa nakwepa kwa "sikia" na "wewe," kama marehemu mumewe.

"Kanchan!"

Aligeuka haraka, na uso aliogeuka nao sikuwa nimeuona tangu tujuane. Ulikuwa uso wa msichana aliyeitwa nyumbani akiwa bado anacheza.

"Nakuja!" alisema. Na kweli akaja, akaacha kitambaa mezani. Mwenye duka hakuamini.

Alhamisi, kurudi. Siku ya kushuka unatoa sanduku nje ya mlango wa kabini mapema, kwa hiyo usifungie ndani nguo utakayovaa. Kanchan alifungia. Alishuka Mombasa na gauni la kuogelea chini na sari juu, na kwa haki, sari ilikaa vizuri. Jun alisimama juu ya ngazi akatuita majina yote mawili kwa mara ya mwisho. Tukapanda gari la moshi la mchana, tukalala mpaka Athi River.

Syokimau jamaa zake walikuwa wamekuja kumpokea. "Mami! Mami!" Wakachukua masanduku, wakamshika mkono, wakamuuliza kama ametumia dawa ya jicho. Nilimwona akirudi kuwa Mama Rajesh pale pale, mabega yakishuka kidogo, kama nguo inaporudishwa kwenye hanga. Gari lilipoanza kuondoka alifungua dirisha akatoa kichwa, akaniita kwa sauti ya bwawani. Jamaa wote waligeuka kuona Rodah ni nani.

Niliyojifunza ni machache na mengine nimeshayaandika. Mtu akikuamini na fomu yake, muulize jina hata kama umechelewa miaka ishirini na minne. Aibu ya dakika moja kwenye cherehani ni ndogo kuliko ya saa moja bandarini. Zaidi ya hapo sina uhakika, na sitaki kufundisha nisichokijua.

Usiku huo, nyumbani Jamhuri, nilimsimulia Mwende yote nikiwa nimeweka miguu kwenye beseni. Nilimweleza jinsi Kanchan alivyoelea, na Kanchan alivyokataa keki kukatwa kwenye jina, na Kanchan alivyokimbia na soksi za meli mpaka kwenye kiamsha kinywa. Mwende alisikiliza, akakunja uso.

"Ngoja kwanza, mamii. Huyu Kanchan ni mcheshi sana. Lakini Mama Rajesh alikuwa wapi wakati huo wote?"

Nilifikiri, kwa sababu ni swali la haki.

"Alibaki Nairobi," nikamwambia. "Na mamako pia."